Moto ya Kunywa Maji

Sisi tuliozaliwa Kisangani kabla ya Dipanda, yaani uhuru, wakati wazungu wakiuita mji huu kwa jina la mzungu wao na sisi tukiuita kwa jina lake la asili, tulicheza na vitu ambavyo mtoto wa leo hawezi hata kuinama kuviokota. Vifuniko vya chupa, spoki za baiskeli zilizokatika, mipira ya ndani iliyotoboka ambayo tuliifunga kiunoni na kuiita mikanda ya askari. Uwanja wetu katika komini ya Tshopo ulinuka mafuta ya injini na makayabu, yaani samaki wa chumvi, na mpaka leo nikinusa harufu hizo mbili pamoja moyo unanienda mbio. Papa alikuwa fundi. Alijifunzia kazi katika gereji ya Mbelgiji mmoja kule Makiso, na jioni alitengeneza nyumbani chochote kilichosukumwa hadi mlangoni kwetu. Mama alipika lituma, ndizi za kupondwa hadi zikawa kama ugali, na sisi watoto tulizunguka sahani moja tukipigana kwa vidole. Mwenye haya alilala na njaa, na hakuna aliyempeleka kwa daktari.

Katika vyombo vyote vilivyopita pale, tulichokipenda kuliko vyote ni moto ya kunywa maji. Kwetu moto ni pikipiki. Ule wa jikoni pia tunauita moto, na hakuna mtu aliyewahi kuchanganya. Moto zote za mjini zilipozwa na upepo, lakini hii moja, mali ya muuguzi wa kizungu wa misheni iliyokuwa kule mto unakotelemkia, ilikuwa na rejeta mbele, tangi bapa la maji kama la gari, ila dogo. Muuguzi mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa soksi hata jua likiwa utosini. Kila alipoileta, tuligombania jagi: leo zamu yangu kuinywesha, jana ulikuwa wewe. Tuliimwagia maji taratibu kama tunavyomnywesha mgonjwa, nayo ilikoroma kooni, nasi tukacheka mpaka Mama akatufukuza.

Papa hakutufukuza. Alichukua kiganja changu na kukibandika kwenye mpira wa juu wa rejeta, halafu chini. "Mashini haina kinywa," alisema. "Iko na ngozi. Gusa." Maji yakipata moto, alinieleza, hupanda yenyewe, huingia juu ya rejeta, hupoa, hushuka kurudi kwenye injini. Juu pawe pa moto, chini pawe vuguvugu, basi moto ina afya. Nilikuwa msichana wa miaka minane, na nilijua kupima homa ya injini kabla sijajua kusuka nywele. Kijana wa leo injini ikimchemkia anatoa simu kwanza, anatafuta video ya Mhindi, na wakati anaitafuta injini inaendelea kuiva.

Kisha Dipanda ikaja. Watoto tulidhani ni mtu, tena mkubwa, atakayeshuka kwenye meli, kwa hiyo nilioga na kuvaa gauni la Idi nikaenda kumngojea bandarini. Hakushuka. Tulipewa limonadi, tukarudi. Baada ya muda muuguzi akaja na moto yake akiisukuma, akamwambia Papa amtunzie mpaka arudi. Naye hakurudi. Papa akaifunika turubai, na kila Ijumaa akitoka msikitini aliiwasha ingurume kidogo isije ikashika kutu ndani.

Miaka michache baadaye wakaingia waasi. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, na wengine sijui kama wanaweza kuelezwa. Wengi wao walikuwa vijana, wamefunga vipande vya ngozi ya chui na majani kichwani, na walikuwa wamenyunyiziwa dawa. Walipiga kelele "Mai! Mai!" na waliamini risasi ikiwafikia itageuka maji. Dawa ilikuwa na masharti mengi: usiguswe na mwanamke, usimpe mkono mtu asiyenyunyiziwa, usigeuke nyuma. Na sharti kubwa halikutamkwa ila kila mtu alilijua. Dawa haishindwi. Mwenzao akifa kwa risasi, basi yeye mwenyewe alivunja mwiko, au kuna mtu aliyemharibia. Huyo mtu alitafutwa, na alipatikana kila mara. Watu wa mtaa wetu waliitwa uwanjani mjini kushuhudia watu kama huyo wakiuawa, na siku moja Papa alirudi kutoka huko akakaa ameegemea ukuta mpaka chakula kikapoa.

Komanda wao wa upande wetu aliona turubai, akaifunua, akaipenda moto. Hakumtukana mtu, kwa kweli alikuwa na adabu, alimwita Mama "maman" na kumwamuru arudi nyuma, kwa sababu moto ilikuwa inaenda kubarikiwa. Alikuja na dokta wao, mtengeneza dawa, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Dokta alizunguka moto akinuiza, akafungua kifuniko cha rejeta, akamimina ndani dawa yake: maji meusi yenye majivu, unga wa mizizi na majani yaliyotwangwa. Aliijaza mpaka shingoni. Papa alikuwa amesimama na kitambaa mkononi.

Haikupita wiki wakairudisha wakiisukuma, Komanda mbele, jasho likimtiririka na uso umebadilika.

"Papa, hii moto iko inachemuka," alisema. "Tumeisukuma toka ku pont, kule ku daraja. Dawa haiwezi kuchemuka. Alors, ni mutu aliiharibu. Na moto ilitoka kwako."

"Mon commandant, unipatie mpaka magaribi niiangalie."

"Mpaka magaribi. Bon. Kama ni wewe, tutajua."

Aliwaacha vijana wawili wenye bunduki getini, wakakaa kwenye benchi letu wakitafuna miwa yetu. Sisi na Mama tulikatazwa kusogea, tukachungulia kwenye upenyo wa mlango.

Papa alianza na yale yasiyoweza kumwua. Alitazama oili: nyeusi, haikugeuka rangi ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuingia humo. Alifungua kifuniko, akaiwasha, akatazama shingoni kama kuna mapovu: hakuna, basi gasketi ni nzima. Alichunguza plagi, akafuta vumbi usoni mwa rejeta. Kila kitu alikifanya polepole, na mimi nilijua kwa nini. Tangu ilipoingia getini alikuwa anajua. Alikuwa anatafuta ugonjwa mwingine wowote, akiomba aukute.

Mwisho akaweka kiganja. Mpira wa juu aliuachia haraka, ulimchoma. Chini ya rejeta mkono ulikaa, ukaendelea kukaa. Palikuwa baridi kama tumbo la mtungi. Maji yalipanda na hayakupata njia ya kushuka. Alizima injini, akangoja ipoe, akaingiza kidole shingoni, akatoa kipande cha jani kilichogandamana na majivu. Mmoja wa wale vijana akainua kichwa. Papa akajifanya anafuta jasho mdomoni, akalitia lile jani kinywani na kulimeza.

Alipoingia ndani kunywa maji Mama alimshika mkono.

"Umeona nini?"

"Dawa yao imeziba radiateur."

"Sema umeshindwa. Sema iko nzee, ifie mbali."

"Nikisema nimeshindwa, ni mimi niliharibu. Nikisema kweli, nimetukana dawa. Yote mawili yananipeleka kiwanja kimoja."

Mama akakaa chini. Sikuwahi kumwona Mama akikaa chini mchana. Papa alikunywa maji yake yote, akarudi nje, akamwomba mmoja wa vijana amwite Komanda, na dokta pia aje.

Maneno aliyoyasema nayakumbuka, kwa maana alikuwa akiyatafuta neno kwa neno. Hakumtazama Komanda. Alimtazama dokta.

"Papa Dokta, dawa yako iko na nguvu mingi. Iko dawa ya mutu, mwanaume, mwenye damu. Hii moto iko kitu ya mwanamuke ya misheni, roho yake kidogo. Dawa iko inashindana ndani, haina nafasi. Mimi siwezi kuigusa. Ni wewe tu unaweza kuiita itoke."

Dokta alisogea, akainama, akachungulia rejeta. Nadhani alielewa yote. Nadhani pia alielewa kwamba dawa ikionekana imeshindwa, si fundi peke yake atakayeulizwa. Aliinuka akajipangusa mikono.

"Fundi anasema kweli," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Dawa inatafuta damu. Ndani ya chuma haikukuta damu, ikakasirika. Tuiite."

Wakachimba shimo. Dokta alinuiza, Papa akalegeza mpira wa chini, na kwanza hakikutoka kitu, kisha likadondoka tope jeusi. Walilifukia kwa heshima. Baada ya hapo Papa alipitisha maji ya moto yenye magadi kutoka chini kwenda juu, kinyume na njia yake, mara nyingi, mpaka yakatoka meupe. Akajaza maji safi ya bomba. Komanda aliizungusha mtaani akarudi, na injini ikawa imetulia. Alicheka. Alipocheka nikaona ni mtoto tu, wa kuwa bado shuleni.

Jioni ile tulikula samaki wa Wagenia, wale wavuvi wa mtoni, na lituma, na Papa alimwigiza dokta kwa sauti ya chini mpaka Mama akafunika uso kwa kanga akicheka na kulia pamoja. Sijapata Idi yenye furaha ile. Tulidhani tumepona.

Asubuhi Komanda akarudi. Safari hii hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa na furaha. Walikuwa wanaondoka mjini kwenda barabara ya mbali, alisema, na mtu anayeijua moto yake lazima aende naye. Alimwita Papa fundi wa mapinduzi. Papa alifunga spana zake katika kitambaa. Alitupitia mmoja mmoja akitugusa kichwani, kisha akamwambia Mama, "Mufunge mulango. Watoto wasiende ku mto." Akapanda nyuma.

Zikaja ndege, wakashuka askari wa kizungu, mji ukajaa maiti za kila rangi, na waasi wakatawanyika msituni. Papa hakurudi. Mtu mmoja alimwona kule Banalia. Mwingine aliapa alimwona kule Bafwasende, amekonda, bado na spana zake. Mama alifuata kila neno, kwa miguu, kwa baiskeli, juu ya magunia ya mpunga kwenye malori, na kila mahali walimwambia alipita. Hakukaa eda, kwa sababu eda huanza na kifo, na kifo hatukupewa. Alizeeka hivyo, si mke si mjane. Kaka zangu aliwakataza wasiguse spana. Mmoja akawa mwalimu, mwingine fundi cherehani, na wote wawili hawajui kufungua hata tairi.

Leo Kisangani imejaa moto, na zenye rejeta zimeanza kuwa nyingi. Mwezi uliopita iliyonibeba ilichemka hapo Makiso. Dereva, kijana wa hereni sikioni, akabadilisha plagi, akaongeza oili, akampigia simu rafiki yake, akampigia na mwingine. Nikamwambia aguse chini ya rejeta. "Maman, hii iko ya Chine, haipimwe na mukono," akanijibu, na wenzake wakacheka. Nilitaka kuwapa hotuba ile yetu sisi wazee, kwamba enzi zetu kulikuwa na mafundi, kwamba ninyi mnakisia tu.

Ni kweli wanakisia. Wanakosea asubuhi, wanakosea mchana, moto inawafia barabarani, na magharibi wanarudi kwa mama zao wakinuka petroli, wanakula, wanalala. Niliinyamazia hotuba yangu nikashuka kwenda kwa miguu. Papa angekosea siku ile wangemwua palepale, na tungemwosha na kumzika Ijumaa. Hakukosea.