Kidole Gumba cha Reino Lahti

Wenye duka wengi hununua kwa macho. Reino Lahti alinunua kwa kidole gumba. Ukimpa kipande cha RAM, ile kumbukumbu ya kompyuta, hakukitazama. Alikishika kwa makali, akapitisha gumba kwenye ile safu ya meno ya dhahabu, na pale gumba lilipotumbukia kwenye pengo akakupa jibu. "Hii ya kwanza kabisa, kaipeleke makumbusho." Au: "DDR3. Dola nne, na usinitolee macho." Kila kizazi cha RAM kimekatiwa pengo lake mahali pake, ili mtu asichomeke cha kizazi kimoja kwenye mashine ya kingine, na tofauti yenyewe haizidi punje chache za mchele. Gumba la Reino lilizijua punje hizo kama ulimi unavyojua jino lililong'oka.

Duka lilikuwa kwenye barabara kuu ya mji mdogo wa migodi ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, ndani ya kilichokuwa chumba cha kinyozi. Viti viwili vya kunyolea alivibakiza, maana mteja aliyekaa vizuri habishani sana bei. Ufundi hakufundishwa na mtu. Mgodi ulipomwachisha kazi mwaka 1985 pamoja na nusu ya wanaume wa mtaa wake, wengine walihamia kusini na wengine walihamia kwenye chupa. Reino alipasua kuni za watu kwa miaka mitatu, kisha akaenda nyuma ya ofisi ya mgodi kuomba kompyuta walizokuwa wakizitupa. Alibomoa saba akapata mbili zinazowaka. Moja akaiuza. Ya pili akaibomoa tena, apate kujua kwa nini iliwaka.

Hakutupa kitu. RAM nyingine huja zimevaa koti la alumini. Hizo ni za vijana wa michezo ya kompyuta, wanaotaka kompyuta ikimbie kuliko umri wake, na hutaka umeme wa juu kidogo. Reino aliyabandua makoti hayo akayauza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa kuwa lebo huondoka na koti, alisoma kwanza volti zilizoandikwa, akazinakili mgongoni mwa kipande kwa kalamu ya fedha, tarakimu ndogo kama mayai ya chawa. Kisha kipande kikatupwa kwenye ndoo pamoja na wenzake waliozaliwa bila koti. Kwa macho aliyokuwa nayo wakati ule, utaratibu haukuwa na kasoro.

Halafu macho yakaanza kuondoka, na yaliondokea katikati. Daktari wa Duluth alimweleza bila kuzunguka: pembeni utaendelea kuona, katikati kutakuwa na doa, doa litakua, na hakuna miwani ya doa. Reino alishukuru, akapanda basi akarudi, na hakumwambia mtu. Fundi asiyeona ni kama mwuza siagi juani. Kila apitaye anangoja bei ishuke. Gari aliliuza, akasema petroli ni wizi. Wateja aliwajua kwa hatua zao. Na kila palipohitajika kusoma, alikuwa na neno moja: "Nisomee hapo, miwani nimeisahau nyumbani." Miwani hiyo, kwa maneno yake, ilikaa nyumbani majira matatu ya baridi.

Mwezi wa Aprili mlango ulipigwa teke.

"Reino! Fungua, Mfini we, mikono yangu ni miwili tu!"

"Sukuma kwa makalio. Mungu hakukunyima."

"Mshenzi," alisema Dolores Perko, akausukuma kwa makalio kweli. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, wamesoma darasa moja na Reino, na hakukuwa na kamati mjini ambayo hakuikalia. Alitua kompyuta yake ya mezani kwa kishindo, na juu yake kipande cha potica, ule mkate wa kukunja wenye kokwa za jozi ambao Waslovenia wa mji ule humpa kila mtu wanayemtaka hisani.

"Inakwenda kama bibi anayepanda ngazi. Nikifungua orodha nachemsha kahawa, nainywa, naosha kikombe, ndipo inafunguka."

"Nunua mpya."

"Programu yangu haikubali kompyuta mpya. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Siku hiyo nilikuwa nataka kukuuzia kitu kingine."

Dolores alicheka, lakini mkono wake haukuondoka juu ya kompyuta. Reino alijua sababu. Mji mzima ulijua. Wachimbaji wa kwanza kutoka Slovenia walizikwa na chama chao cha kuzikana juu ya kilima, chini ya misalaba ya mbao, na mbao haimngoji mtu. Misalaba ilioza, vitabu vya chama viliungua, na vikabaki vichwa vya wazee. Miaka tisa Dolores alikaa nao kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiuliza nani kalala safu gani, karibu na nani. Majina mia nne na kumi na mawili. Wazee waliomwambia walikuwa wamekwisha wote. Wa mwisho, Franc Mramor, alikuwa amezikwa Februari. Mchonga mawe alikwisha kuleta bamba la itale, jiwe gumu la kuchongwa majina yote, akataka majina ifikapo Julai. Septemba jiwe lingezinduliwa, kisha chama kivunjwe, maana wanachama walibaki kumi na mmoja na wawili kati yao hawakujua tena kama ni wanachama.

"Umeichapisha?" Reino aliuliza.

"Nitachapisha ikikamilika. Siwezi kuchapisha watu nusu."

"Nakala?"

"Kila Ijumaa, kwenye flashi. Mimi si mtoto."

"Basi niachie. Nitakuongezea RAM. Njoo saa kumi na moja jioni."

Hapo ndipo lilipopaswa kutoka lile neno lake la miwani, na halikutoka. Kwa mgeni angelisema. Lakini Dolores alikuwa amekwisha kuiona miwani ile mfukoni mwa shati lake, na kumwambia Dolores ukweli ni kubandika tangazo kanisani.

Alifungua kompyuta. Alichomoa kipande kilichokuwamo, gumba likapita, pengo likasema DDR2. Akatia mkono kwenye ndoo, akapapasa, akatoa cha pengo lile lile, urefu ule ule, idadi ile ile ya vidonge vyeusi vya kumbukumbu. Alikileta karibu na dirisha, akakigeuzageuza. Akaona mng'ao fulani, akadhani ni jua. Akakichomeka kando ya kile cha zamani, vishikio vikalia kwa pamoja, sauti nzuri ambayo fundi yeyote huilipia.

Kisha akaweka jaribio, programu inayoipima RAM. Hilo hakulikwepa hata siku moja maishani: RAM yoyote iliyotoka kwenye ndoo ilipimwa kuanzia kahawa ya asubuhi mpaka kufunga duka. Alasiri aliinamia kioo, akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Pembeni paliona buluu. Buluu ni salama. Kosa huja kwa mistari myekundu. Katikati ya kioo palikuwa na doa lake, na ndani ya doa mtu huona anachotarajia.

"Imepita?" Dolores aliuliza saa kumi na moja.

"Imepita."

Na kompyuta ikaenda kama mbuzi aliyefunguliwa. Dolores alipiga simu kesho yake kumwambia kwamba kahawa haijachemka orodha imefunguka. Aliongeza hata picha za misalaba. RAM mbovu ingekufa, ingekuwa heri. Mtu angeirudisha siku hiyo hiyo. Hii haikufa. Ilisema uongo kidogo kidogo. Kila orodha ilipofunguliwa, herufi chache ziligeuka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama. Orodha ilipofungwa, uongo ulihifadhiwa. Na kila Ijumaa Dolores aliunakili kwa uaminifu kwenye flashi, juu ya ukweli wa Ijumaa iliyopita.

Katikati ya Juni alirudi. Reino alimjua kwa hatua, lakini mlango haukupigwa teke.

"Safu ya tisa mpaka ya kumi na nne hakuna watu," Dolores alisema. "Kuna alama za kuuliza tu. Na kwingine jina linaanza mtu anakatika."

"Umefungua barua za wahuni kwenye mtandao?"

"Usinianze, Reino."

"Nauliza tu. Maana RAM ilipita mtihani hapa hapa." Mfanyabiashara hulinda bidhaa yake kwanza, hata kabla hajafikiri. "Kaa kwenye kiti. Naiweka tena mbele yako, ujionee mwenyewe."

Dolores alikaa kwenye kiti cha kinyozi. Reino alimimina kahawa, akamsogezea. Hata nusu kikombe haikufika.

"Haya mekundu ni nini?"

"Mekundu gani?"

"Hii mistari. Imejaa katikati hapa, na inaongezeka."

Reino aliinama, akageuza kichwa. Buluu. Akageuza upande wa pili. Buluu.

"Katikati wapi?"

"Mbele ya pua yako!" Kisha sauti ya Dolores ikashuka. "Reino. Nitazame."

"Nakutazama."

"Hunitazami. Unatazama sikio langu."

Mashine ilizidi kuhesabu makosa yake. Reino aliizima, akafungua ubavu wa kompyuta, akachomoa kile kipande na kukinyoosha kuelekea ilikokuwa sauti.

"Mgongoni kuna maandishi?"

"Yapo. Ya fedha. Mbili nukta moja." Dolores alikileta karibu. "Mwandiko wako."

"Ubao wako unatoa volti moja nukta nane."

"Kwa lugha ya mpishi."

"Nimemweka kazini mtu wa sahani mbili, nikampa moja. Hakuanguka. Alifanya kazi na njaa, akawa anakosea."

"Na ulijua?"

"Niliandika ili nijue."

Dolores hakupiga kelele. Angepiga, Reino angejua la kufanya, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akijibizana na watu wanaopiga kelele. "Tangu lini?" aliuliza.

"Majira matatu ya baridi."

"Ungeniambia nikusomee. Neno moja tu. Macho mawili mazima ninayo, nimekaa nayo nyumbani kutazamia theluji."

"Ungeutangazia mji."

"Ningeutangazia, ndiyo! Na mji ungekuletea supu, mpumbavu we. Sasa nikautangazie nini?"

Reino alifunga ubavu wa kompyuta.

Siku tatu walikaa pamoja, kompyuta ikiwa na RAM yake ya zamani tu, ile ya mwendo wa bibi. Dolores alisoma kioo, Reino akamwelekeza wapi pa kubonyeza, wakachokoa faili na flashi mpaka hapakuwa na pa kuchokoa. Majina mia mbili themanini na moja yalitoka mazima. Mia moja thelathini na moja hayakutoka. Machache Dolores aliyakumbuka, bila kuwa na hakika na safu, na hakuyaweka. "Siwezi kumlaza mtu kwenye kitanda cha mwenzake," alisema. Reino alisema labda Franc Mramor alikuwa na binti. Dolores akasema binti alizaliwa California, na anachojua ni kwamba baba yake alipenda soseji.

Siku ya tatu alifunga kompyuta yake, akaibeba mwenyewe. Hakuomba afunguliwe mlango.

Wiki hiyo Reino aliuza duka. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja na lori, akataja bei ya kwanza ya matusi kama desturi, akajiweka tayari kugombana. Reino akasema sawa. Yule bwana akaona haya, akaongeza kidogo mwenyewe. Ndoo tu ndiyo haikuuzwa. Reino alitaka kuvitenga vile alivyovivua koti na vile vilivyozaliwa uchi, lakini gumba, kwa ustadi wake wote, halikuweza. Basi akakaa kwenye kiti cha kinyozi na koleo, akavivunja vyote, vizima na vibovu, siku nzima, mpaka kiganja kikatoka malengelenge.

Jiwe lilizinduliwa Septemba. Padri alisema maneno mafupi kwa ajili ya upepo, wanachama wakaimba walichokikumbuka, kisha watu wakateremka kwenda kunywa kahawa ukumbini. Reino alikuwa amepanda kilima kwa miguu na kusimama nyuma. Sauti zilipokwisha alisogea, akanyoosha mkono mpaka itale ikamgusa.

Gumba likaanza. Herufi zilichongwa kwa kina, mchongaji hakuwa mvivu.

"Zalokar," alisema Reino.

"Safu ya pili," alijibu Dolores nyuma yake. Hakuwa ameondoka.

Reino aliteremka na majina, moja baada ya moja, bila kuyatamka tena. Dolores alikuwa amekataa kuchonga "na wengineo". Alitaka nafasi za waliopotea ziachwe wazi. Basi chini ya jina la mwisho gumba lilitoka kwenye herufi likaingia mahali palipolainishwa kama kioo. Reino alisita.

"Ni hapa?"

"Hapo."

Angeweza kuondoa mkono. Hakuuondoa, aliupitisha kote, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari ambao haukuwapo, akiinama, kisha akipiga goti, mpaka gumba likafika ukingo wa chini wa jiwe na kugusa nyasi. Ilichukua muda. Dolores alimwacha amalize.

Alipoinuka, Dolores alikuwa amekwisha kutangulia kwenye njia, na Reino akafuata hatua zake.

"Ngazi mbili hapo," alisema Dolores bila kugeuka, na mkono hakumpa.