Reli ya Mwalimu Petronila

Asubuhi moja ya mwaka 1980, wavuvi wa Bukima walimkuta Mzee Magige amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika magotini, jembe begani, akiwauliza nani ameng'oa reli. Walimjua. Alikuwa baba yake Mwalimu Petronila, mzee aliyetoka Buswahili kuja kuishi karibu na binti yake baada ya kufiwa na mke. Wakamshika mkono taratibu na kumrudisha nyumbani. Njia nzima alikuwa anawagombeza: treni imeshatoka Tabora, njia haijakaguliwa, ikianguka ataulizwa yeye.

Mzee huyo alikuwa ameitumikia reli ya kati kwa miaka ishirini na minane, pale Goweko, stesheni ndogo upande wa Tabora. Alianza kama kibarua wa kubeba mataruma, yale ya kulaza chini ya reli, akaishia kuwa mnyapara wa genge, kundi la watunza njia. Kila kukicha alitembea maili zake na nyundo na spana, akigonga, akisikiliza, akikaza nati. Petronila alizaliwa kwenye nyumba za reli. Akiwa mtoto alijua saa za siku kwa milio ya treni, kabla hajajua kuisoma saa yenyewe. Sasa baba yake alikuwa amesahau jina la mkewe na majina ya wajukuu, lakini kazi ya asubuhi hakuisahau. Alfajiri aliamka, akachukua chochote chenye mpini, akaenda kutafuta njia yake.

Kwa kuwa baba mkwe halali katika mji wa mkwewe, Masatu, mume wa Petronila, alikuwa amemjengea kibanda ng'ambo ya uzio wa minyaa. Masatu alikuwa mvuvi, na pia alilima mihogo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Mzee alipopotea mara ya tatu na kuonekana mbali kwenye barabara ya Musoma, alimwambia mkewe, "Mama Eufrasia, sasa tufanyeje? Tumfunge kamba?"

"Baba yangu si mbuzi."

"Sijasema ni mbuzi. Lakini wewe uko shule, mimi niko ziwani. Nani atamwangalia?"

Petronila alijua ni kweli. Darasani alikuwa na watoto tisini wa darasa la pili, wengine wameketi sakafuni, na chaki ilikuwa ikigawanywa kipande kwa kipande. Nyumbani sabuni ilikuwa imeadimika hadi watu walikuwa wanafulia majani ya mpapai. Hakuweza kuacha kazi, wala hakuweza kukaa darasani huku roho ikiwa njiani inamtafuta baba.

Jumamosi iliyofuata alitoa nyuma ya nyumba mlango wa zamani uliokuwa umetolewa bawaba. Alichukua mwavuli uliochanika, akavunja vyuma vyake kimoja kimoja. Alichana ubao wa sanduku kuwa vijiti vya urefu wa kidole, akavipanga juu ya mlango, akalaza vyuma juu yavyo kwa safu mbili sambamba, ncha kwa ncha, na kuvifunga kwa waya mwembamba. Ilikuwa reli ya kama hatua mbili, haianzii popote wala haiishii popote. Akaubeba mlango hadi mbele ya kibanda cha baba yake, akauweka juu ya mawe manne, akaenda kuteka maji.

Aliporudi, mzee alikuwa ameinama juu ya mlango, mikono nyuma. Alipitisha ukucha juu ya chuma, akagonga kijiti kimoja, akasikiliza, akagonga kingine.

"Taruma la tano limeoza," alisema.

Petronila aliangalia. Kweli kijiti cha tano kilikuwa na ufa. "Nitabadilisha, baba."

"Na hizi reli umezigusanisha. Jua likiwaka zitapanuka, zitapinda, treni itaanguka. Acha nafasi. Nani alikufundisha kazi wewe?"

Kuanzia siku hiyo Mzee Magige hakupotea tena. Asubuhi alitoka nje na kuikagua njia yake, na jioni Petronila akitoka shule alipewa orodha ya makosa. Aliyarekebisha yote. Akajifunza kwamba kwenye kona reli ya nje huinuliwa kidogo kuliko ya ndani, ili treni isitupwe. Akajifunza kulaza kokoto ndogo zenye pembe, si za mviringo, kwa sababu za mviringo huteleza. Njia ilirefuka hadi mlango wa pili, ulioombwa kwa jirani. Kwa kopo la maziwa ya unga alitengeneza injini. Vibiringo vya uzi alivyopewa na fundi cherehani alivikata katikati, kila nusu ikawa gurudumu lenye ukingo wa kushika reli. Injini haikwenda yenyewe; ilisukumwa kwa kidole. Mara ya kwanza ilipopita kwenye kona bila kuanguka, mzee alivua kofia.

Watu walimsifu Petronila. Kanisani mama mmoja alimwambia kwamba Mungu anaona jinsi anavyomtunza mzazi. Hata Masatu alileta mwavuli mwingine mbovu kutoka Musoma bila kuombwa.

Mzee Magige alikufa mwaka 1982, mchana, akiwa ameketi kivulini mwa kibanda chake. Wakamzika Buswahili kwa watu wake. Walipokwisha kurudi Bukima, wifi yake Petronila, Marcelina, aliyekuwa amebaki kusaidia nyumba, aliangalia ile milango miwili juu ya mawe akasema, "Haya mavyuma sasa tuyatoe, wifi. Milango irudi kazini."

"Nitayatoa mwenyewe," Petronila alisema.

Siku ya nne baada ya Marcelina kuondoka, aliweka maharage jikoni, akatoka na koleo, akaketi kwenye kigoda afungue nyaya. Alianzia kwenye kona. Alipoishika aliona kwamba haikuwa imekaa sawa. Ilikuwa imebinuka upande mmoja tangu mvua ya wiki iliyopita. Akaikaza. Kijiti cha pembeni nacho kilikuwa kimelegea, akakibadilisha. Aliondoa kokoto, akazipanga upya. Aliposikia harufu ya kuungua, kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshamfikia miguuni na maharage yalikuwa makaa.

Alikaa pale akiwa na koleo mkononi, na kwa mara ya kwanza akajiuliza swali ambalo miaka miwili hakuwa na sababu ya kujiuliza. Baba alipokuwepo, hakuna aliyemuuliza kwa nini mtu mzima anachezea vijiti. Alikuwa binti anayemtunza baba yake, na hata yeye mwenyewe alijiona hivyo. Sasa baba hakuwepo na mikono yake ilikuwa bado inataka ile kazi. Alihisi aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake. Alijaribu kujiambia kwamba ni majonzi, kwamba yatapita. Lakini alipokuwa akiikaza ile kona hakuwa akimwaza baba. Alikuwa akiiwaza kona.

Hakuifungua. Aliibeba milango hadi kwenye banda la nyavu, akaiweka ukutani pembeni. Masatu alirudi kutoka ziwani akaikuta, akasimama mlangoni.

"Nyavu zangu ziende wapi?"

"Nimezitundika pale juu. Zinakauka vizuri zaidi."

Masatu aliangalia juu. Zilikuwa zimetundikwa vizuri. Akatoka bila kusema kitu, na kwa mwaka mzima hakulizungumzia lile jambo. Petronila alilala nalo na kuamka nalo, maana kwa mtu kama Masatu kimya hakikuwa ruhusa. Kila Jumamosi alimaliza kwanza kila kitu: kuchota maji, kupalilia, kufua, kusahihisha madaftari. Ndipo alipojipa saa moja kwenye banda, akiijenga Goweko ya utotoni mwake, kwanza stesheni, mlango ukiwa wazi ili asionekane anajificha. Mwalimu mkuu, Machage, alikuja kuona akafurahi sana. Alisema hiyo ni zana ya kufundishia, iletwe shuleni kabla wakaguzi hawajafika.

"Mwalimu mkuu, darasani nafika saa moja na nusu na nafundisha mpaka mwisho," Petronila alisema. "Hii ni ya baada ya hapo."

"Lakini itakuwa na faida gani ikikaa humu?"

Petronila alichukua koleo, akakaza waya uliolegea. Machage akaondoka akitikisa kichwa.

Kisha ukaja mwaka 1983, ule wa msako wa walioficha bidhaa. Ziwani palielea mifuko ya sukari iliyotupwa na watu wenye hofu. Siku mgambo walipofika kwa Masatu walikuwa watatu, na aliyewaongoza aliitwa Ryoba, kijana mrefu mwenye daftari. Walipekua nyumba, wakapekua ghala la mihogo, kisha wakaingia kwenye banda la nyavu. Masatu na mkewe walisimama nje, na majirani walisimama mbali kidogo.

Ryoba alitoka ameshika injini ya kopo.

"Hii ni nini?"

"Treni," Petronila alisema.

"Na yale mavyuma ni ya redio? Mnatuma habari wapi?"

"Ni vyuma vya mwavuli. Ni reli."

Ryoba aliigeuza injini, akazungusha gurudumu kwa kidole gumba. "Ya mtoto?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Eufrasia alikuwa amesimama pale pale, ana miaka kumi. Ilikuwa rahisi pia kusema ni ya marehemu baba, na hakuna ambaye angethubutu kucheka. Petronila aliona macho ya majirani, akaona ya mumewe.

"Hapana. Ni yangu."

"Yako wewe, mwalimu?"

"Mimi. Naitengeneza Jumamosi nikimaliza kazi. Inanipumzisha."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka. Ryoba hakucheka. Alimrudishia injini, kisha akaomba aonyeshwe inavyokwenda. Waliingia wote bandani, na Petronila akaisukuma kwa kidole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ikapita kwenye kona, ikasimama stesheni. Ryoba akasema kaka yake alikuwaga Tabora, na stesheni ya huko ina paa refu zaidi. Halafu akafunga daftari, wakaenda kwa jirani.

Jioni ile Masatu alikula ugali na furu wake, wale samaki wadogo wa ziwani. Alipomaliza kunawa alisema, "Mimi nilidhani unaomboleza."

"Na mimi nilidhani hivyo."

"Nikawa nasubiri msiba uishe." Akafuta mikono. "Ungeniambia tu mapema kwamba ni kitu unapenda. Mtu akiomboleza, mwenzake anaogopa kuuliza."

Petronila aliinamisha uso. Mwaka mzima alikuwa amekiogopa kile kimya, na kumbe ndani yake kulikuwa na heshima.

Miaka ikageuka. Maduka yakajaa tena, watu wakavaa mitumba, redio za kaseti zikaingia kupitia mpakani Sirari, sangara akawa na soko Musoma mjini na Masatu akawa anapeleka samaki huko kila juma. Mshahara wa mwalimu sasa haukununua hata nusu ya vilivyopangwa rafuni, na Petronila alifuga kuku na kukaanga maandazi. Eufrasia aliolewa Bunda. Ile saa ya Jumamosi mara nyingine iligeuka nusu saa, mara nyingine mwezi ulipita bila yeye kuingia bandani. Lakini alirudi.

Mwaka 1991 Masatu alirudi kutoka Musoma na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa mota ndogo, kama kidole gumba, iliyotolewa kwenye redio ya kaseti iliyokufa. Fundi Silasi wa pale sokoni alikuwa ameiunganishia nyaya na kumwelekeza namna ya kuweka betri.

"Silasi anasema itavuta kopo lako," alisema Masatu, akaketi juu ya rundo la nyavu aone.

Walihangaika nayo Jumamosi mbili. Mpira wa kuzungushia ulikatika, magurudumu yakateleza, wakayapaka utomvu yashike. Kisha injini ikatetemeka, ikajivuta, ikaondoka peke yake. Masatu alipiga kofi. Watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia mlangoni walipiga kelele. Ikapita kona ile ya zamani na wala haikuyumba.

Petronila alifurahi, lakini baada ya siku chache alijikuta hana hamu ya kuingia bandani. Injini ilikwenda, ikarudi, naye alisimama mikono mitupu akiitazama. Alichokipenda hakikuwa treni kupita. Ilikuwa kuandaa njia ya treni kupita, kama mtu wa genge. Akachomoa betri akaziweka kwenye kopo la pembeni, zikawa za siku ya wageni. Alimweleza Masatu akiogopa atavunjika moyo.

"Basi ongeza njia," Masatu alisema. "Goweko si imeisha?"

Kweli ilikuwa imeisha: stesheni, tangi la maji, nyumba za genge, yote. Tangu zamani watu walikuwa wakisema ipo siku itajengwa reli kutoka Arusha hadi Musoma, na hakuna aliyewahi kuona hata taruma moja. Petronila akaomba mlango wa tatu. Juu yake alichora kwa mkaa Bukima yenyewe, ufuko, kilima, kanisa, barabara, na kuanzia ukingoni akaleta njia ambayo haikuwa imewahi kuwepo popote.

Masatu aliinama juu ya mchoro, miwani puani.

"Hapa umepita katikati ya shamba la Mayala."

"Ni njia iliyonyooka."

"Mayala hatakubali."

"Serikali itamlipa fidia."

"Humjui Mayala wewe. Atadai mpaka mihogo iliyooza mwaka jana." Akachukua mkaa mkononi mwa mkewe. "Zungusha huku chini, kando ya ziwa. Samaki nao wapakiwe."

"Huko kuna maji mvua ikinyesha. Tuta litabomoka."

"Basi jenga daraja."

Petronila alifikiri. Daraja hakuwahi kujenga. Alitazama vijiti vilivyobaki, akaanza kuvihesabu kwa macho, akamwambia mumewe amsogezee taa na kisu.