Gari Jipya la Baba Lilivyonyamaza Msimbazi

Gari letu la zamani tulilisukuma familia nzima, hata mama na kanga yake. Baba alipotumia kiinua mgongo chake chote kununua jingine, mimi msomi nilimwambia ametapeliwa, nikachukua ufunguo ili nihakikishe.

Kwenye foleni ya Msimbazi likanyamaza kabisa. Nikampigia baba. "Nilikwambia. Limekufa."

Nikaitupa simu kitini bila kuikata. Nikawaita wabeba mizigo watatu wanisukume.

Mmoja aliinama dirishani, akatazama taa za dashibodi. "Broo, hili linatumia umeme na mafuta. Likisimama huwa kimya. Wewe kanyaga tu."

Nikakanyaga, likaondoka. Wenzake wakaangua kicheko. Simu ilikuwa bado hewani, nikamsikia baba akishusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Kumbe kibovu ni wewe."