Ame Nyange Achagua Manowari

Mwaka 1958 Gando nzima iliamini Ame Nyange kapandwa na wazimu. Kijana mwenye mihogo na mikarafuu ya baba yake, eti anataka kazi ya kuzima moto! Pemba nyumba ikiwaka kila mtu ni zimamoto: huyu ana ndoo, yule ana mchanga, wengine wako juu ya nyumba ya jirani wanabomoa makuti ili moto ukose pa kurukia. Milango na madirisha hupigwa mateke yakawa wazi, watu watoke. Ndivyo walivyozaliwa wakakuta.

Waliomcheka walilisahau jiko la Bi Mwatum, mama yake. Lilipowaka, dada yake, Moza, alikuwa ndani, na wanaume wazima walisimama uani wakimsikia anaita. Hakuingia hata mmoja. Ame alifika mbio kutoka shamba, wakamshika mikono asiingie. Siku ya hitima alimwambia mama yake, "Miye ntakwenda kujifunza kuingia motoni. Hatobaki mtu ndani tena."

Ajifunze wapi sasa? Jeshini, aliambiwa. Lakini jeshi lipi? Mzee Matano, aliyepigana Burma akiwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, alimcheka mpaka akakohoa. "Keya? Sie tulifunzwa kuchoma, mwanangu. Kuzima hatukufunzwa." Jeshi la ndege, huko Nairobi, lilikuwa na zimamoto wake, ila Ame aliogopa asije akazeeka akingoja ndege ianguke. Zikabaki manowari za Mombasa. Moto hufa kwa maji, akawaza, na nani mwenye maji kumshinda baharia? Gando hakutokea wa kumbishia.

Akapimwa kifua na meno, akachukuliwa. Baada ya kusugua sitaha mpaka viganja vikachubuka, likaja somo lenyewe. Uwanjani palikuwa na chumba cha chuma, mfano wa chumba cha meli, na ndani yake mafuta yanawaka. Mwalimu wao, Mbarouk, mtu wa Lamu, akamwashiria Ame asogee. Maskini, hakungoja neno la pili. Aliukimbilia mlango, akaupiga teke kama alivyokulia.

Moto ukamtokea usoni kwa mngurumo. Ulikuwa unakata roho kwa kukosa hewa, naye kaupa hewa. Nyusi zikaenda, na Duni, Mpemba mwenziwe wa Wambaa aliyekuwa nyuma yake na mpira wa maji, akaungua mkono.

"Nani kakwambia ufungue?" Mbarouk alifoka. "Melini mlango hufungwa! Moto ukikosa pumzi unakufa."

"Na watu walio ndani, afande?"

"Utawaita. Asiyetoka, unafunga. Ama afe yeye, ama ife meli nzima."

"Na akiniita?"

"Unafunga."

Ame alipigwa na butwaa. Kavuka bahari, kaacha karafuu juu ya miti, kumbe anakuja kufundishwa kuwa kama wale wanaume wa uani! Alitamani kutoroka, ila jeshi si uchumba, useme umebadili nia. Na kilichomtisha zaidi ni kwamba kila zoezi lilimpa haki Mbarouk. Mlango ukifungwa, moto ulikufa.

Siku ya mtihani chumba kilifuka moshi, na Duni alikuwemo. Ame hakuambiwa kwamba moto haumo.

"Ame! Ame, nifungulie!"

Mkono wake ukashika komeo, ukafunga. Wenzake walipokuja kumpongeza kwa kushika nafasi ya kwanza, walimkuta anampapasa Duni uso na mikono, akitafuta alipoungua.

Likizo ikamrudisha Gando na sare yake nyeupe. Ua ulijaa majirani. Bi Mwatum alimketisha mkekani, uso umemnawiri kwa fahari.

"Haya baba, waambie. Nyumba ikiwaka na mtu yumo ndani, weye wafanyaje?"

Ame alianza habari za hewa na chuma, akafika kwenye mlango na komeo lake. Mama yake alimtazama, kisha akashika kifua.

"Yarabi! Wafunga?"

"Melini, mama. Melini tu."

"Na ningekuwa miye humo, nakwita?"

Ame alifungua kinywa aseme angefungua. Mkono wake ukajikunja juu ya mkeka, kama ulioshika komeo.