Safu Niliyoifuta Siku ya Umuganda

Jumanne asubuhi mama mmoja aliingia kliniki na simu mkononi, akataka kujua kwa nini tunamuita mume wake aje haraka wakati alishamzika wiki tatu zilizopita.

Hii sijaitunga. Majina nimebadilisha, na kliniki siitaji.

Niiteni Umulisa. Ni Mnyarwanda niliyekulia Mwanza, ndiyo maana naandika Kiswahili. Nilikuwa nimerudi kwetu, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya mtaa wa Gikondo inayotengeneza programu za kliniki: faili za wagonjwa, dawa, majibu ya maabara, ujumbe wa kuwaita watu. Bosi wangu Arthur alikulia Kampala, mtu wa fasta fasta, hapendi maswali.

Siku hiyo nilikuwa pale kliniki natengeneza printa. Mama akaniwekea simu mbele ya macho.

"Ndihokubwayo Léonce, majibu yako ya damu yametoka. Fika leo bila kukosa."

"Mwanangu, munamuita nani?" aliniuliza. "Bwana yangu iko mu udongo."

Aliitwa Daphrose. Hakufoka. Bora angefoka.

Nikamwambia pole mama, ni mashine imekosea. Sisi watu wa kompyuta tukibanwa tunaisingizia mashine, eti mashine inajiendesha yenyewe.

Nikafungua faili. Damu ilichukuliwa Ijumaa iliyopita.

Maiti haipimwi damu, jamani. Nikamuita Joselyne.

Joselyne ni muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyekulia Bujumbura, ana miaka kumi na minne kwenye ile kliniki. Ijumaa ile ile ndiyo alikuwa amerudi kazini, katoka likizo ya mwezi mzima huko kwao Bujumbura.

"Huyu Léonce alipimwa Ijumaa?"

"Yego. Léonce wa nyuki, wa kule Gahanga." Kisha akamuona Daphrose. Akarudi kwenye skrini. "Weeh, Umulisa! Hawa ni watu wawili! Uyu mama ni wa Léonce wa garaje. Nani amewaweka mu faili moja?"

Nilijua ni nani.

Joselyne akasoma majibu, akashika kichwa. "Mana yanjye. Figo zake zimekufa. Uyu muzee wa nyuki asipofika hospitali leo, tutamupoteza."

Na namba yake ya simu haikuwepo tena. Kwenye faili ilibaki namba ya marehemu.

Ngoja niwaeleze nilichofanya.

Mwezi mmoja nyuma tulibadilisha toleo la programu. Toleo la zamani lilikuwa la miaka tisa, kwa hiyo data yote ilibidi ihamishwe kwenda kwenye jipya. Arthur akachagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda. Asubuhi ile mji mzima uko nje unafyeka na kuzibua mitaro, kliniki haina mgonjwa, seva unaizima bila kumkera mtu. Tulikuwa tunafanya hivyo kwa wateja wote na tulijiona wajanja kweli.

Ila ukifanya kazi siku ambayo watu hawapo, huna wa kumuuliza.

Toleo jipya lilitafuta faili zilizojirudia: jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Likaniletea jozi arobaini na tatu. Nikakagua tatu, kweli zilikuwa za mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili. Nikabonyeza "unganisha zote".

Mnyarwanda yeyote angeshtuka. Wazee wetu wengi hawajui walizaliwa lini, wanajua mwaka tu, kwa hiyo kwenye karatasi wote wamezaliwa tarehe moja Januari. Hata bibi yangu. Nilijua kabisa, na siku hiyo halikunijia kichwani.

Halafu kulikuwa na safu moja inaitwa Kazi. Toleo jipya lilitaka uchague kazi kwenye orodha: mkulima, mwalimu, dereva. Ile ya zamani ilijaa maneno ya ajabu. "Wa nyuki." "Mama wa mapacha, siyo yule mufupi." "Sikio la kushoto halisikii." Nikasoma mistari kama kumi, nikacheka, nikasema hawa wauguzi wanachezea mfumo. Nikafuta safu nzima.

"Pale ndiyo nilikuwa naandika vitu vyangu," Joselyne aliniambia tukiwa tunatoka mbio. "Hapakuwa na nafasi ingine."

Tulichukua moto mbili, zile pikipiki za abiria, mpaka Gahanga. Joselyne alikuwa anauliza njiani kwa Kinyarwanda, mzee wa nyuki, mzee wa mizinga, mpaka mwanamke mmoja shambani akatuonyesha nyumba ya mabati mapya.

Mzee Léonce alikuwa amekaa mlangoni, miguu imevimba, uso umevimba, lakini anatucheka.

"Joselyne! Umekuja kunywa asali?"

Nilitaka kumkumbatia. Sikuwahi kumuona maishani, na machozi yalinitoka mbele za watu.

Tukatafuta gari. Saa nane mchana alikuwa hospitali kubwa, amelazwa, mashine inamsafisha damu. Daktari akasema angechelewa siku moja nyingine, ingekuwa habari nyingine.

Nikampigia Arthur.

"Kumbe hakuna aliyeumia," alisema. "Tenganisha faili kimyakimya, tusonge mbele."

Nikashusha pumzi. Kesho yake nilitenganisha jozi zile moja moja, Joselyne kakaa pembeni yangu ananiambia nani ni nani. Thelathini na moja zilikuwa za watu wawili tofauti.

Alhamisi nikaenda kwa Daphrose, Gikondo, nyuma ya gereji za magari. Nilitaka tu kumuomba radhi kwa ule ujumbe. Nilibeba sukari kilo mbili, nikijiona mtu mwema.

Alinikaribisha. Mtoto wake wa miaka kumi na saba, Shema, alinisalimia akaingia ndani. Nikauliza kwa adabu, mzee aliumwa nini?

"Moyo," akasema. "Hospitali ndiyo waliandika. Lakini hakuwa na ugonjwa wa moyo, mwanangu. Alikatwa na bati kule garaje, mukono ukaoza. Tulienda pale kliniki yenu, wakamuchoma sindano. Tukapanda moto kurudi, hatujafika Rwandex akaanza kuvimba mudomo, akaanguka."

Nikaanza kuhesabu siku kichwani.

"Ilikuwa lini, mama?"

"Alhamisi. Baada ya umuganda."

Siku tano baada ya mimi kufuta.

"Na alimuuliza yule muuguzi mugeni," aliendelea, kwa upole kabisa. "Akamuambia, hii siyo ile inanikataa? Joselyne anajua. Musichana akaangalia kwa mashine, akasema hapana muzee, hapa hakuna kitu."

Sijui niliagaje. Nilirudi ofisini, nikafungua nakala ya data ya zamani, nikatafuta Ndihokubwayo Léonce wa pili, safu ya Kazi. Joselyne alikuwa ameandika kwa Kifaransa chake cha shule, kwa herufi kubwa: GARAGE. JAMAIS PÉNICILLINE.

Garaje. Penisilini kamwe, na ndiyo sindano aliyochomwa Alhamisi ile.

Nilimkimbilia Léonce aliye hai mpaka Gahanga, kumbe niliyemuua alishazikwa.

Arthur alisoma, akafunga mlango. "Cheti cha kifo kinasema moyo. Wewe ni nani ubishane na cheti?"

Nilikaa na maneno yale siku mbili. Nawaambia ukweli, yalinivutia. Hakuna aliyekuwa anajua zaidi ya mimi na yeye.

Jumapili baada ya misa nilirudi kwa Daphrose. Nikamwambia yote, nimesimama, kwa sababu nilishindwa kukaa kwenye kiti chake.

Aliuliza mambo mawili tu.

"Joselyne alikuwa ameandika?"

"Aliandika, mama."

"Nani alifuta?"

"Ni mimi."

Alitazama kule ndani kwa mtoto wake. Kisha akasema, "Shema ameacha mupira. Anasema moyo wa baba ndiyo moyo wake, akikimbia ataanguka. Nenda ukaandike ile kitu ilimuua baba yake. Uandike na uweke jina lako."

Niliandika kurasa nne, nikasaini, nikapeleka zinakopelekwa. Kazi iliisha wiki ile ile. Kesi bado inaendelea, sitasema zaidi. Mzee wa nyuki anaenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na bado ananitumia asali ambayo siwezi kuila.

Kwa wenzangu mnaobadilisha matoleo na kuhamisha data za watu: ukikuta kitu usichokielewa, usikifute. Mtafute aliyekiandika, hata kama uko haraka, hata kama yuko likizo. Simu moja Bujumbura ingetosha, na sikuipiga.

Cheti kilibadilishwa baada ya miezi minne. Shema amerudi uwanjani. Mama yake hajanisamehe, na sijamuomba tena.