Fimbo ya Kuvulia ya Babu Kaijage

Wenzangu mliokulia Nyakakika miaka ile ya taa za chemli, hamtabisha nikisema sisi tulilelewa kwa matoke, maharage na mashaka. Matoke yalitoka shambani nyuma ya nyumba, maharage yalitoka bondeni, na mashaka, kwetu, yalitoka kwa Bibi. Majirani walimwita Ma Koku. Sukari ya dukani aliionja kwanza kwa ncha ya ulimi kabla ya kuifunga kwenye kitambaa. Kuku wake aliwatazama mmoja mmoja wakiingia kulala, kama askari wa gereza. Mgeni akimwamkia shikamoo kwa sauti tamu kupita kiasi, aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye mikono ya mgeni. "Mdomo unasalimia tu," alikuwa akituambia baadaye. "Mikono ndiyo iliyokuja na shughuli."

Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba uliofungwa kwa kamba za migomba hiyo hiyo, tukatafuna kahawa kavu njiani kwenda shule, kila mtoto na kuni zake kwapani kwa ajili ya uji wa mchana. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, tulirudi nyumbani na mifuko ya kaptura ikirukaruka. Mimi shule haikunikaa. Niliuliza mambo mengi kuliko waliyokuwa tayari kunijibu, nikaiacha kabla haijaisha, na tangu hapo nimekuwa mtu wa njia: nimepakia magunia ya kahawa Ihanda, nimefyatua matofali Kiruruma, nimevua kambare kwenye mto Kagera upande wa Kyerwa. Kote huko nimekutana na watu wanaoniuliza kwa nini mtu akinionyesha kitu kipya, mimi natazama kwanza mguu wa kitu hicho, pale kinapogusa ardhi. Basi nitaeleza.

Katika senta yetu palikuwa na duka moja la maana, la Baba Zuhura. Watu wake walitoka pwani, Pangani, na yeye alizaliwa huku huku Karagwe, lakini Kiswahili chake kilikuwa laini hata alipokuwa anakudai. Siku moja kaka yake wa pwani alimtumia zawadi kwa basi: gurudumu la kuzungushia mshipi, lile linalofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Halikuwa la kitoto. Lilikuwa la chuma, pana kama kisahani cha chai, na zito kiasi kwamba Zuhura, aliyekuwa rika langu, alilibeba kwa mikono miwili. Lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayesimama ufukweni mwa bahari na kurusha chambo mbali kupita mawimbi. Fimbo yake ilikuja pia, lakini ilikuwa imevunjika vipande chini ya magunia. Baba Zuhura akatangaza dukani: atakayemletea fimbo inayolifaa gurudumu hili, samaki wa kwanza ni wake.

Ninyi vijana wa sasa mtacheka. Kijana wa leo akitaka fimbo, anafungua simu, anatelezesha kidole, anachagua nyekundu kwa sababu inafanana na viatu vyake. Juzi mmoja alinionyesha yake pale Kyerwa, nyepesi kama ubua wa mtama, kaifunga gurudumu zito. Nikamwambia hiyo haitafika jioni. Akaniambia, "Mzee, ina nyota tano." Nyota hazivuti kambare.

Sisi tulijifunza kwa kuvunja. Gurudumu zito linataka fimbo yenye shina nene la kushika kwa mikono miwili, ndefu kumzidi mtu mzima, ngumu chini na yenye kukubali kupinda juu. Ikiwa ngumu yote, samaki akishtuka mshipi unakatika. Ikiwa laini yote, unarusha chubwi, kile kipande cha risasi cha kuzamishia ndoana, na kinaangukia miguuni kwako kama embe bovu. Tulileta mikaratusi michanga, ikapasuka ilipoanza kukauka. Mtoto wa fundi baiskeli alileta bomba la chuma. Baba Zuhura akalipima mkononi, akasema, "Hili, mwanangu, ni la kuvulia viboko." Kwenye kila fimbo alilifunga gurudumu kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, akashuka nayo ziwani, sisi nyuma yake tukipiga kelele.

Hapo ndipo Bibi anapoingia. Ziwa letu ni dogo na kingo zake zimejaa mafunjo. Mahali peupe pa kusimama na kurusha palikuwa pamoja tu, kwenye ukingo wa bonde la Bibi. Alikuwa mjane, na bonde lile alilirithi kwa marehemu babu bila karatasi yoyote. Kiangazi, juu kulipokauka, pale ndipo maharage yetu yalipoota, na pale ndipo alipokata nyasi za kutandaza chini ya kahawa. Mpaka wake ulijulikana kwa mramura mmoja mwambani na mwingine karibu na njia. Kwa asiyejua, mramura ni ule mti wa majani marefu wanaopanda kwetu kuonyesha shamba la nani linaishia wapi. Kijiti chake ukikichomeka kikiwa kibichi, mvua ikakigusa, kinashika. Na kikishashika hakuna mkono wa mtu mmoja unaoruhusiwa kuking'oa. Lazima waitwe wazee wa ukoo, wakae, waulize, wanywe rubisi, ile pombe ya ndizi, waulize tena. Wazee wa ukoo wetu, baada ya babu kufa, walikuwa wakimsikiliza mtu mmoja: Babu Kaijage, mdogo wake marehemu, ambaye tanga halijaanuliwa alikuwa ameshasema kwamba bonde ni la ukoo, si la mwanamke.

Kwa hiyo Bibi alipomwona Baba Zuhura anarusha uzi wenye risasi kutoka shambani kwake, kisha anauzungusha kuurudisha taratibu, akajua anachokiona. Wapima ardhi walikuwa wamepita kijiji cha jirani na kitu cha duara chenye mpini na utepe ndani. Alishuka na jembe begani.

"Unapima nini?"

"Shikamoo, Ma Koku. Sipimi kitu, mama yangu. Navua."

"Marahaba. Samaki wako wapi?"

"Bado, mama. Fimbo haijapatikana."

"Ahaa. Samaki hakuna, fimbo hakuna, ila kamba ya kupimia ipo." Akatugeukia sisi watoto. "Na ninyi mnamshikia vigingi?"

Baba Zuhura alicheka mpaka akakaa chini, akamwonyesha ndoana. Bibi aliishika, akaigeuzageuza, akasema hata mwizi wa kuku hubeba mahindi. Lakini hakumfukuza. Alinivuta sikio njiani na kuniambia niendelee kwenda pale kila siku, na jioni nimsimulie kila kitu: nani kaja, kaleta nini, kasimama wapi. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote. Mpaka leo sijapata nyingine iliyonifaa kama ile.

Siku iliyofuata Babu Kaijage akatokea, na mzigo wa fito begani. Alikuwa mtu wa koti, hata jua likiwa kali. Alimsalimia Baba Zuhura, akasema amesikia shida yake, na kwamba mwenye kijiji hawezi kumwacha mgeni ahangaike.

"Ta Kaijage, mimi nimezaliwa hapa," alisema Baba Zuhura, kwa ile Ta ya heshima ya kwetu.

"Ndiyo, ndiyo, mgeni wa kuzaliwa. Chagua fimbo."

Baba Zuhura alichukua mmoja, akaupinda, uso wake ukasita. Watu wa dukani wanajua bei ya mbao, miti mingine hawaijui sana. Kwa adabu akasema ataujaribu kesho. Babu Kaijage akasema vizuri, na fito zilizobaki asizilaze kwenye tope zisichafuke. Akazichomeka mwenyewe, mmoja hapa, mwingine pale, akirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea njiani huku akiongea juu ya bei ya kahawa. Wanaume waliokuwapo walikuwa wanabishana kama kambare anapenda minyoo au utumbo wa kuku. Mpaka leo najiuliza ni wangapi waliona na wakaamua kuendelea na utumbo wa kuku.

Jioni Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimsimulia.

"Fito za mti gani?"

"Mramura."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. "Mramura ni mti wa kuvulia tangu lini?"

"Babu Kaijage anasema ni mwepesi."

"Mwepesi ndiyo. Hata ulimi wake ni mwepesi. Kazichomeka zimenyooka, au ovyo ovyo?"

Nikafikiri. Nikaona tena mgongo wa koti ukirudi nyuma. "Zimenyooka, Bibi. Ukisimama kwenye mwamba unaona ya kwanza tu, nyingine zimejificha nyuma yake. Bonde letu limebaki kipande cha huku, na ziwa lote liko kule."

Alitoka nje, akatazama mawingu juu ya vilima vya upande wa Rwanda, yalivyokuwa yamevimba, akarudi kumalizia maharage yake. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomwona akichambua bila kutazama.

Asubuhi tulimkuta ameshafika ukingoni kabla ya wote, amekaa juu ya mpini wa jembe lake. Wanaume wakaja, Baba Zuhura na gurudumu lake, mwisho Babu Kaijage na koti lake. Bibi aliwasalimia kwa upole uliotutisha sisi watoto.

"Mfungie gurudumu kwenye fimbo ya shemeji," alimwambia Baba Zuhura. "Nataka niione ikifanya kazi."

"Ma Koku, hii nadhani si—"

"Mwanangu, funga."

Akafunga. Akairudisha nyuma ya bega, akarusha. Ule mramura ulijikunja kama shingo ya bata, ukavunjika bila hata sauti, na gurudumu la pwani likaingia kwenye tope mpaka shingoni. Watu walicheka wakashikana. Babu Kaijage naye akacheka, ila akawahi kuacha.

"Basi mti huu hauvui," alisema Bibi. "Tumeona wote? Baba Zuhura, umeona? Haya. Sasa hii mingine iliyosimama huku nyuma inangoja nini?"

"Shemeji, ni fito tu. Nilizisimamisha zisichafuke."

Bibi akaushika mmoja, akauvuta. Ulitoka na udongo. Akaunyanyua ili kila mtu aone: chini umechongwa mshazari, kama tunavyochonga kijiti cha kupandwa, na juu, kwenye kichwa, umepakwa kinyesi cha ng'ombe ili usikauke.

"Uliogopa isichafuke, shemeji, ukaipaka mavi?"

Hapo hakucheka mtu. Yule aliyekuwa bingwa wa utumbo wa kuku akaanza kuchunguza kucha zake. Babu Kaijage akasema mwanamke huyu anaona wachawi mchana, akasema yeye alitaka kusaidia tu, akasema mengine. Bibi alimpita. Alikwenda mti kwa mti, akaing'oa yote kwa mkono wake, akaufunga mzigo kwa kamba ya mgomba na kumrudishia begani kama mama anayemtwisha mtoto. "Kapande kwako," alimwambia. Mvua ilinyesha mchana ule ule, nzito, ya kupiga bati. Bibi alikaa mlangoni akaisikiliza yote.

Fimbo yenyewe Baba Zuhura aliipata kwa Bibi. Ulikuwa mwanzi mkavu aliokuwa ameegemezea mgomba wenye mkungu mkubwa wa ndizi za nshakara, na ulikuwa umeubeba msimu mzima bila kulalamika. Tukaufungia vipete vya spoku za baiskeli vya kupitishia mshipi, gurudumu likakaa kama limezaliwa pale, na siku chache baadaye kambare mwenye masharubu kama shehe alivutwa mpaka kwenye nyasi. Baba Zuhura alimpelekea Bibi kama alivyoahidi. Bibi alimnusa kichwa, akamnusa mkia, akamuuliza kwa nini kampa mkubwa hivyo, anataka nini.

Bibi hayupo sasa, wala Babu Kaijage, ambaye mpaka anakufa alishikilia kwamba zilikuwa fimbo tu. Huenda. Bonde bado ni letu, analilima binti wa shangazi yangu, na mwaka huu vijana wawili wamepita pale na simu zao. Hawakuwa na kamba, wala kigingi, wala jembe. Walisimama kidogo penye kila mramura wa mpaka, wakabonyeza, wakasema asante, wakapanda bodaboda wakaondoka. Niliwauliza wanafanya nini, wakanijibu kwa heshima, shikamoo mzee, na maneno ambayo sikuyaelewa. Niliitazama mikono yao mpaka ikapotea kwenye kona, sikuona kitu. Enzi zile, mtu akitaka kukuchukulia shamba ilimbidi akate mti, aubebe mchana mbele ya watu, auchomeke, kisha aisubiri mvua kama mkulima mwingine yeyote. Nawe, ukiwa macho, ulikuwa na usiku mmoja wa kufikiri na mikono miwili ya kung'olea.