Siku tuliyomlisha Henrik migebuka kabla ya kumwambia

Wakuu, habari za muda huu.

Hili jambo nimelikalia miaka mingi na leo nalitoa kama lilivyo. Chumvi sijaongeza. Anayetaka picha hana bahati, enzi hizo kamera ilikuwa ya mzungu mwenyewe.

Ni Sumbawanga, kipindi cha ruksa, biashara huria ndiyo imeruhusiwa. Maduka yameanza kujaa sabuni na mitumba, na miradi ya wafadhili imemiminika mpaka huku kwetu.

Mimi nilikuwa mtu wa radio call kwenye mradi mmoja wa maji. Kwa vijana: simu za mkononi hazikuwepo. Redio ipo mezani, unabonyeza, unaongea, unasema "over", na kila mwenye redio kuanzia Dar mpaka ziwani anakusikia. Siri hakuna.

Bosi wetu aliitwa Henrik, injinia kutoka Ulaya ya kaskazini. Alipanga nyumba mtaa wa Katandala. Asubuhi anakimbia na kaptula kwenye baridi yetu ile, akina mama wanamuuliza, "Unakimbizwa na nani, baba?" Mkate alioka mwenyewe, mgumu balaa. Kiswahili chake cha darasani. Akiingia ofisini: "Hamjambo, wafanyakazi wenzangu?" Tunacheka, na yeye anacheka.

Kilichotufanya tumpende ni kula. Expatriate wengine walikuwa wanakula kwao, wamefunga mlango. Huyu kila Ijumaa ananawa, anakaa na sisi kwenye sinia moja. Ugali wa ulezi alikuwa anaumega vizuri kuliko mimi.

Alikuwa na binti mmoja, Lise, anasoma shule ya msingi, anaishi na mama yake huko Ulaya. Huyo mtoto alikuwa anarekodi sauti yake kwenye kaseti anamtumia baba yake. Henrik anaipiga kwenye Land Rover safari nzima. Dereva wetu Masanja, Msukuma wa watu, alifika mahali anaimba wimbo wa yule mtoto mwanzo mwisho na hajui hata neno moja maana yake.

Sasa siku hiyo Henrik na Masanja walikuwa wameshuka Kasanga, bandari ya ziwani, kuangalia mabomba yaliyokuja na meli. Redio ya gari walikuwa wanaiwasha saa sita mchana tu.

Asubuhi Dar wakaniita. Jamaa wa Dar namjua, ni mtu wa utani, lakini sauti haikuwa yake. Akasema Lise amegongwa na gari jana akitoka shule. Amefariki. Mjulisheni baba yake. Over.

Niliweka mic chini.

Nikaenda kwa Mzee Gaudensi, mtu wa stoo, mkubwa wetu kwa umri pale ofisini. Akavua kofia. Akakaa kwanza. Kisha akasema, "Mwite arudi. Usimwambie kwa redio, wala Masanja usimwambie. Mwambie kuna wageni."

"Halafu, mzee?"

"Halafu atakula. Akishasikia hatakula tena, leo wala kesho, na safari yake ni ndefu."

Nikamwambia, mzee, hawa wenzetu hawako hivyo, wanataka kuambiwa hapo hapo.

Akaniangalia. "Kwani mzungu hana tumbo?"

Wakuu, nyie mnajua. Huku kwetu mtu harushiwi habari ya msiba njiani. Unamrudisha nyumbani, unahakikisha ana kitu tumboni, watu wa kumshika wako karibu, ndiyo unasema. Saa sita nikapiga redio. Nikasema wageni wamekuja, bosi anahitajika ofisini. Over.

Walifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Henrik akashuka anacheka, mkononi ana migebuka, samaki wabichi wa ziwani. "Leo siyo Ijumaa lakini tutakula kama Ijumaa!" Akampa Mama Skola, mpishi wetu, naye akapokea bila kumtazama usoni.

Akauliza wageni wako wapi. Mzee Gaudensi akasema watakuja, tule kwanza.

Tukanawa wote. Sinia likaja, ugali, migebuka, na pilipili anayoipenda.

Henrik akaanza kula. Anatusimulia mvuvi wa Kasanga aliyemwambia anatembea kama bata. Masanja anakula. Sisi wengine tumekaa.

Nilimega tonge nikalishika tu. Mzee Gaudensi naye mkono uko pale pembeni ya sinia. Mama Skola kasimama mlangoni, khanga mdomoni.

"Mbona hamli?" Henrik akauliza.

"Tumeshakula," nikasema.

Akacheka. "Basi mtanenepesha mimi!" Akaendelea. Alikula vizuri kweli, maskini.

Alipomaliza kunawa, Mzee Gaudensi akasogea akamshika mkono. "Henrik, mwanangu. Nyumbani kuna habari, na siyo nzuri."

Henrik hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mtu wa redio.

"Nani?"

"Lise," nikasema.

"Mgonjwa?"

Mzee Gaudensi akatikisa kichwa kukataa.

Hakulia. Akaniuliza redio imesema lini. Nikamwambia asubuhi. Akatazama lile sinia, miiba upande wake na wa Masanja, na upande wetu ugali haujaliwa. Tonge langu liko pale, limeshakauka.

"Kwa hiyo mlijua wote."

Masanja ndiyo kwanza anaelewa, akaanza kulia kwa sauti. Henrik akatoka nje, akatapika nyuma ya tangi la maji. Chakula chote. Mzee Gaudensi alimshikia mgongo mpaka alipomaliza.

Majirani wa Katandala walikuja wakakaa uwanjani kwake, wamama na kuni zao na unga wao, kama msiba wowote. Alfajiri Masanja akampeleka Mbeya ili aendelee Dar akapande ndege.

Alirudi baadaye kumalizia mkataba. Kazi alifanya, tena vizuri. Kukimbia asubuhi akaacha, kaseti hatukuisikia tena. Ijumaa anakula mkate wake ndani ya gari.

Siku ya kuondoka alikuja kwenye chumba cha redio kuniaga. Akasema, "Gaudensi alifanya sawa kunipa chakula. Sikasirikii chakula. Lakini nilikula peke yangu na nyinyi mliniangalia."

Tukapeana mikono. Sikumwona tena.

Miaka ikaenda. Mzee Gaudensi tukamzika. Mimi nikahamia Dodoma.

Halafu mama yangu akafariki kule kijijini kwetu Pito. Mnajua nilijuaje? Niko kibandani nakula chipsi, simu ikalia, group la ukoo. Mtu ambaye hata namba yake sijaihifadhi kaandika: "Poleni sana kwa kuondokewa na mama yetu." Na emoji za mikono.

Mama yupi? Ndivyo nilivyouliza, peke yangu, kwa sauti, na watu wa pale wakanigeukia. Niliumia sana wakuu. Nilimtamani Mzee Gaudensi na kofia yake.

Kwa hiyo wanaosema mila ile ni uongo na unafiki, mimi na nyie hatuelewani. Mzee alikuwa sahihi. Na Henrik naye alikuwa sahihi. Funzo langu ni hilo tu: ukiamua kumlisha mtu kabla ya kumwambia, na wewe kula. Hata kama halipiti, meza.

Nimeshawaambia wanangu. Kikitokea kitu, msinitumie meseji. Niiteni nyumbani, nipikieni ugali na migebuka.

Binti yangu akanicheka. "Sasa baba, tukikuwekea tu hiyo migebuka si utajua?"

Nikamwambia nitajua. Ndiyo maana nataka niwakute mnakula.

Nyie kwenu mnaambiana vipi? Tiririkeni, nasoma zote.